Uliza Mfamasia: Hewa ukaa, presha na punje za dawa

Katika toleo lililopita niligusia kidogo tu mitambo inayotumia hewa ukaa kutengeneza unga wa dawa, nikaendelea na mambo ya vidonda vya tumbo. Kumbe vidonda havikuwavutia. Barua na ujumbe wa simu vilivyoingia vingi vinauliza habari ya hewa ukaa, na wengine wanauliza kwa ukali, kana kwamba niliwaficha. Basi mwezi huu ni hiyo tu. Waliouliza habari za nywele kukatika wanivumilie. Barua nimezifupisha, lakini maana yake sijaigusa.

Shikamoo mama. Niko mafunzo kwa vitendo kwenye famasia, hapa Kigoma mjini. Uliandika kwamba hewa ukaa inaweza kuifukuza dawa itoke kwenye kiyeyushi ikiwa fuwele. Hewa hii ndiyo tunayoitoa puani, ndiyo iliyomo kwenye soda. Gesi inafanyaje kazi ya namna hiyo? Chuoni tulipita hapo mbiombio.

Marahaba, mwanangu. Tuanzie Uvinza, maana ni jirani na kila mtu wa mkoa huu amekula chumvi yake. Pale maji ya chumvi hutoka ardhini, na kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wamekuwa wakiyachemsha mpaka yaishe, chumvi ibaki. Hiyo ni njia ya kwanza ya kukilazimisha kilichoyeyuka kitoke: unaondoa kiyeyushi. Njia ya pili ni kupoza, kwa sababu vitu vingi huyeyuka vizuri kwenye moto na vibaya kwenye baridi. Njia ya tatu huondoi kitu wala hupozi. Unaongeza kimiminika kingine ambacho kinapatana na kiyeyushi lakini hakipatani kabisa na kile kilichoyeyuka. Kiyeyushi kikishachanganyika na huyo mgeni hakiwezi tena kubeba mzigo wake, kinauangusha. Huyo mgeni ndiye tunayemwita kiyeyushi pinzani.

Ukitaka kuiona kwa macho, yeyusha chumvi kwenye maji mpaka nyingine ikatae, chuja, halafu mimina polepole spiriti ya maabara ya asilimia 95. Chumvi itaanza kushuka nyeupe ndani ya glasi. Usitumie ile spiriti ya asilimia 70 tunayouza dukani kwa ajili ya mikono na sindano. Ina maji mengi, na maji hayo yanairudisha chumvi ndani, kwa hiyo unaweza usione chochote ukaja kunilaumu.

Viwanda vya dawa hufanya hivi kila siku, mara nyingi kwa kutumia maji kama mpinzani. Dawa iko kwenye ethanoli au asetoni, yanamiminwa maji, dawa inatoka. Tatizo linakuja baada ya hapo. Umebaki na unga uliolowa, ambao lazima uukaushe, na ukikauka punje zinashikana mabonge. Pia umebaki na pipa la maji yaliyochanganyika na kiyeyushi, na kuvitenganisha ni gharama nyingine. Hapo ndipo mtu aliuliza: je, mpinzani huyu angekuwa kitu kinachoondoka chenyewe?

Hewa ukaa ya kawaida haiwezi kazi hiyo, umesema kweli. Lakini ibane. Ukiipandisha juu ya bar 74 (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya pwani) na joto likazidi nyuzi 31 za Selsiasi, inavuka kikomo na kuingia hali ambayo si gesi wala si kimiminika. Wenyewe wanaiita supakritikali. Mitambo ya maabara mingine ina dirisha dogo la yakuti, kwa sababu kioo cha kawaida kisingehimili, na nilipokuwa Uingereza masomoni nilikuwa napenda kusimama pale hata nisipokuwa na zamu. Chini unaona kimiminika, juu gesi, katikati mstari unaovitenga. Joto linapanda, mstari unafifia, panaingia ukungu wa rangi ya chai, kisha ukungu unafunguka na mstari haupo. Hakuna kilichochemka. Ni kitu kimoja tu kilichojaa chumba kizima.

Kitu hicho kina tabia za pande zote mbili. Kinapenya na kutiririka karibu kama gesi, lakini kina uzito wa kutosha kuchanganyika na viyeyushi kama kimiminika. Na uzito huo unauamua wewe kwa kuzungusha vali. Kwenye nyuzi 40, ukiwa na bar 80, lita moja ina uzito wa gramu 280 hivi. Peleka bar 100, lita ileile inapita gramu 600. Sijui kiyeyushi kingine kinachobadilika kiasi hicho kwa kuongezewa presha kidogo namna hiyo.

Sasa chukua dawa iliyoyeyushwa kwenye asetoni, ipulizie kwa nozeli nyembamba ndani ya chumba kilichojaa hewa ukaa ya namna hiyo. Hewa ukaa inaingia ndani ya asetoni kwa kasi na asetoni inatoka kwenda kwenye hewa ukaa. Kila tone linavimba, molekuli za asetoni zinaachana, na dawa inajikuta imezungukwa na kitu kisichoijali. Mabadiliko haya yote yanatokea kwa muda mfupi mno, na kasi hiyo ndiyo siri. Mmumunyo ukipungukiwa nguvu polepole, fuwele chache zinaanza, na dawa yote inayofuata inajishikiza kwenye hizo chache, zinakuwa kubwa. Mmumunyo ukipungukiwa ghafla, fuwele zinaanza kila mahali kwa mpigo mmoja, dawa inagawanyika kwa zote, hakuna inayopata ya kutosha kunenepa. Unapata unga ambao punje zake ni mikromita chache, yaani ukigawa milimita moja mara elfu, vipande vichache tu, na mara nyingine chini ya mikromita moja.

Mwisho wa kazi unaendelea kupitisha hewa ukaa safi ili ibebe asetoni iliyobaki, kisha unashusha presha taratibu. Hewa ukaa inarudi kuwa gesi na kwenda zake. Unga umebaki juu ya chujio, mkavu. Hapo kwenye kupitisha hewa ukaa safi usiwe na haraka. Ukishusha presha kabla asetoni haijaisha, itarudi kuwa kimiminika palepale juu ya unga wako, iuyeyushe tena, na utafungua chumba ukute keki.

Masharti ni mawili. Kiyeyushi lazima kichanganyike vizuri na hewa ukaa: asetoni, ethanoli, methanoli, dikloromethani na DMSO vinakubali. Maji hayakubali, yanachanganyika nayo kidogo sana, ndiyo maana dawa zinazoyeyuka kwenye maji tu zinasumbua. Sharti la pili, dawa yenyewe isiyeyuke kwenye hewa ukaa. Ibuprofen, kwa mfano, huyeyuka humo kiasi, kwa hiyo sehemu yake ingepotea pamoja na hewa ukaa. Dawa za hivyo zina njia yao: unaziyeyusha kwenye hewa ukaa yenyewe, halafu unaachia presha ghafla. Mtihani wako ukiuliza tofauti ya njia hizi mbili, tofauti ni hiyo.

Habari dada mfamasia. Mimi ni muuguzi, Kasulu. Punje kubwa, punje ndogo, si zote zinafika tumboni zikayeyuka? Naona kama watu wa maabara wanajitafutia kazi.

Nzuri, dada. Kwa dawa kama paracetamol ungekuwa karibu na ukweli. Inayeyuka kwenye maji kiasi cha kutosha. Lakini sehemu kubwa ya dawa zinazobuniwa siku hizi zinakwepa maji, na tumboni ni maji. Dawa isiyoyeyuka inapita tu kama mchanga, mgonjwa anaitoa chooni akiwa ameilipia.

Fanya hesabu. Mchemraba wa dawa wenye upande wa milimita moja una eneo la nje la milimita za mraba 6. Uukate uwe vichemraba vya mikromita 10 kila upande. Utapata vichemraba milioni moja, dawa ni ileile, uzito ni uleule, lakini eneo linaloguswa na maji sasa ni milimita za mraba 600. Mara mia. Wewe mwenyewe umeshatumia matokeo yake: griseofulvin, dawa ya mapunye. Ilipoanza kutolewa ikiwa ya punje ndogo zaidi, dozi ilishushwa karibu nusu, kwa sababu mwili ulikuwa unachukua mara mbili ya awali. Kilichobadilika ni punje tu.

Kwa pumu ni zaidi ya hapo. Unga wa kuvuta unatakiwa uwe kati ya mikromita 1 na 5. Ukizidi unagota kooni, ukipungua sana unatoka na pumzi. Kwa hiyo anayetengeneza dawa ya kuvuta hatafuti tu unga mdogo, anatafuta unga unaolingana.

Lakini barua yako imenipa nafasi ya kusema jambo ninalolishikilia kuliko ukubwa wa punje. Dawa si jina na miligramu peke yake. Molekuli ileile inaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja ndani ya fuwele, na kila mpangilio una tabia zake: mmoja unayeyuka upesi, mwingine kwa shida, mmoja unatulia miaka, mwingine unageuka ukiwa ghalani. Carbamazepine mnayowapa wenye kifafa ina sura kadhaa za namna hiyo. Mnaujua pia mkasa wa ritonavir, dawa ya virusi vya UKIMWI, au mnapaswa kuujua, kwa sababu dawa hiyo imo kwenye vidonge vya baadhi ya wateja wenu wa CTC, kliniki ya wenye virusi hivyo.

Ritonavir ya kampuni ya Abbott iliruhusiwa Marekani mwaka 1996. Walikuwa wanaijua sura moja ya fuwele zake. Mwaka 1998 kapsuli zikaanza kufeli kipimo cha kuyeyuka. Waliponyanyua darubini wakakuta fuwele za sura nyingine, tulivu zaidi na ngumu zaidi kuyeyuka, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Na ilipokwisha kuonekana ikawa haiondoki. Chembe chache za sura hiyo zikiingia mahali zinatosha kuvuta dawa yote ijipange kama zenyewe, na kiwanda kilichokuwa kikitoa sura ya zamani bila taabu kikashindwa. Kapsuli zikaondolewa sokoni, wagonjwa wakarudishwa kwenye dawa ya maji, ambayo aliyewahi kuionja haisahau, mpaka dawa ikaundwa upya. Wagonjwa wa UKIMWI, mwaka 1998, na molekuli haikuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana hewa ukaa iliwavutia watu. Kwa kuchagua joto, presha na kasi ya kupulizia, mara nyingine unaweza kuchagua sura itakayotoka. Mazen Hanna na Peter York wa Bradford, Uingereza, walitengeneza miaka ya 1990 nozeli ambamo mmumunyo na hewa ukaa vinakutana kwenye mdomo uleule na kutoka pamoja. Kwa nozeli hiyo salmeterol xinafoate, dawa ya pumu, ilitolewa ikiwa sura ya kwanza safi au sura ya pili safi, kutegemea hali waliyoiweka. Kwa kuchemsha na kupoza usingekuwa na usukani kama huo.

Hivyo mgonjwa akikuambia kidonge cha kampuni hii kinamfaa na cha kampuni ile hakimfai, usimcheke, mwandike kwenye fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa ya nchi yetu. Mara nyingi itakuwa kitu kingine, na dawa zilizosajiliwa zinapaswa kuwa zimeonyesha kwamba zinaingia kwenye damu kwa kiwango kinacholingana. Lakini kama kuna kundi la vidonge lenye kasoro, litajulikana kwa watu kuandika.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, Mwanga. Presha naifahamu, geji ninazo, mtungi wa zimamoto wa hewa ukaa ninao. Niunde mtambo wa namna hiyo tuuze dawa?

Usiunde, fundi.

Ila umenifurahisha, kwa sababu wewe huenda umeshaigusa hali hii kuliko wafamasia wengi. Friji mpya za R744 ni hewa ukaa hiyohiyo, na kwenye nchi ya joto upande wake wa moto unavuka kikomo kila siku. Kwa hiyo huhitaji nikueleze kwa nini kiungo kilichofungwa ovyo ni bunduki.

Mtambo wa dawa una mambo yake. Mtungi unatoa hewa ukaa ikiwa na bar 50 na kitu. Kabla ya kuingia kwenye pampu inapozwa iwe kimiminika kabisa, na kichwa cha pampu nacho kinapozwa, maana pampu ikimeza gesi inazunguka bure. Baada ya pampu inapashwa moto hadi nyuzi 40 hivi. Inaingia kwenye chumba cha chuma kinene kwa presha ya bar 100 au 150, inakutana na mmumunyo kwenye nozeli, inapita chujio, inafika kwenye vali inayoshikilia presha ya nyuma. Vali hiyo ndiyo roho ya mtambo, na ndiyo inayokera kuliko vyote: hewa ukaa inapotanuka hapo inapoa kiasi cha kuganda kuwa barafu kavu na kuziba njia, kwa hiyo lazima ipashwe moto muda wote. Nozeli nayo huziba, kwa sababu dawa haina subira, inageuka fuwele mdomoni kabla haijatoka.

Zingatia pia kwamba chumba cha maji kikipasuka kwa bar 150 kinalowesha watu. Cha hewa ukaa kinaua, kwa sababu ndani kuna kitu kinachotaka kutanuka mara mamia. Na hata ikivuja kimyakimya ni hatari: ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, haina harufu ya kukuamsha. Huko Kamerun, Agosti 1986, ziwa Nyos lilitapika hewa ukaa usiku na watu wapatao 1,700 wakafa. Chumba chenye mtambo kinawekwa kengele ya kupima hewa usawa wa chini, si darini.

Na huo mtungi wako wa zimamoto, kama nilivyoona kwenye karakana nyingi za mjini hapa, usiuegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Chuma kikishapita nyuzi 31, ndani hakuna tena kimiminika na gesi, na kila nyuzi inayoongezeka inapandisha presha kuliko ulivyozoea kwenye gesi nyingine za friji.

Shikamoo. Nipo kidato cha sita, PCB, Tabora. Nani aligundua mambo haya?

Marahaba. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour, 1822. Alifunga vimiminika ndani ya kipande cha mtutu wa mzinga pamoja na gololi, akakipasha moto huku akikitikisa na kusikiliza gololi. Joto lilipopita kiwango fulani mlio ulibadilika: kimiminika hakikuwapo tena. Alitumia sikio tu. Thomas Andrews wa Belfast ndiye aliyekipima kikomo cha hewa ukaa na kukieleza vizuri, 1869, na vipimo vyake viko karibu sana na tunavyotumia leo. Mwaka 1879 Hannay na Hogarth, Glasgow, walionyesha kwamba vitu vigumu vinayeyuka kwenye hali hiyo na vinaanguka presha ikiachiwa.

Kutumia hewa ukaa kama kiyeyushi pinzani kulikuja baadaye sana. Andiko lililoifungua njia lilitoka Marekani mwaka 1989, la Gallagher, Krukonis na wenzao, na halikuhusu dawa. Lilihusu nitroguanidini, malighafi ya baruti. Walitaka punje ndogo zinazolingana, na kitu cha aina hiyo unafikiria mara mbili kabla ya kukitia kwenye mashine ya kusaga. Watu wa dawa wakaichukua. Kundi la Ernesto Reverchon, Salerno, Italia, limejaribu dawa nyingi kwa njia hii, zikiwemo amoxicillin na rifampicin, dawa ya kifua kikuu unayoijua kwa kugeuza mkojo rangi ya machungwa. Kwa hiyo ukisoma masuala haya kwa undani, jina hilo utalikuta kila kona. Kemia ya fizikia usiikimbie, imo humu yote.

Kuna ziwa refu kwenda chini hapa mlangoni. Mbona watu wasishushe chombo Tanganyika, wapate hiyo presha bure? Kijana wa Kibirizi.

Hili nimelipenda. Kila mita 10 za maji zinaongeza bar moja hivi, kwa hiyo presha ya kutosha unaipata kabla hujafika mita 750, na sehemu ya kina kikubwa kabisa cha ziwa ni mita 1,470. Presha ipo mara mbili ya inayohitajika. Kinachokosekana ni joto. Kule chini ni nyuzi 23 hivi mwaka mzima, na kikomo ni 31. Hewa ukaa yako itakuwa kimiminika baridi tu. Ungelazimika kushusha na hita, na kebo ya umeme ya zaidi ya nusu kilomita. Afadhali pampu.

Je, mawese yanaweza kukamuliwa kwa hewa ukaa? Nina mashine ya kukamua, Simbo.

Yanaweza, kwa presha ya mamia ya bar. Kwa bei ya mtambo mmoja utanunua mashine za kukamua za kijiji kizima, na mnunuzi wa sokoni hatakuongezea hata shilingi kwa ajili hiyo. Endelea na yako. Kahawa isiyo na kafeini ndiyo biashara iliyofaulu kweli kwa hewa ukaa, kwa sababu kuna watu wanaolipa zaidi ili kafeini iondolewe na ladha ibaki.

Mimi ni mwalimu wa kemia, Tabora. Njia ikiwa nzuri hivyo, kwa nini si dawa zote zinatengenezwa nayo? Na hewa ukaa si ndiyo tunaambiwa inachafua dunia?

Mwalimu, umegusa penyewe. Kwenye maandiko, dawa zilizojaribiwa kwa njia hii hazihesabiki. Kwenye rafu zangu dukani, karibu zote zimetoka kwenye mapipa ya kawaida na mashine za kusaga. Ninavyoona mimi sababu ni za kiwanda. Chumba cha gramu chache ni rahisi. Chumba cha kilo mamia, cha chuma kinachohimili bar 150, ambacho lazima kifunguliwe, kisafishwe kwa viwango vya dawa na kufungwa tena, ni fedha nyingi. Unga mwepesi kama ule kuutoa kwenye chujio bila kuupoteza ni kazi. Na tabia ya nozeli ndogo haikuambii sana nozeli kubwa itafanya nini: chini ya kikomo cha mchanganyiko, yaani presha ambapo kiyeyushi na hewa ukaa vinakuwa kitu kimoja, unapata matone na vipira vyenye uwazi ndani, juu yake matone yenyewe hayapo na punje zinakuwa ndogo zaidi, na mpaka huo unasogea kadiri dawa inavyoingia. Mwenye kiwanda akiangalia yote haya, na mashine ya kusaga ipo imelipiwa tayari, anasaga.

Mimi simlaumu, kwa dawa nyingi. Ila kusaga nako kuna makosa yake ambayo hayaonekani kwa macho. Kunatia joto, kunatia umeme tuli unaofanya unga ung'ang'ane, na kunavunja mpangilio wa fuwele juu juu, hivyo punje inatoka na ngozi isiyotulia ambayo inaweza kugeuka baadaye. Kwa dawa ya kuvuta, kwa protini zisizotaka joto, na kwa dawa iliyoyeyushwa kwenye DMSO, ambayo huchemka kwenye nyuzi 189 na hivyo huwezi kuichemsha ikatoka bila kuiunguza dawa, hewa ukaa inastahili gharama yake. Hapo ningesimama nikabishana na mhasibu.

Faida nyingine ni mabaki. Kanuni za kimataifa zinaruhusu dikloromethani isizidi sehemu 600 kwa milioni ndani ya dawa, methanoli 3,000, asetoni 5,000. Unga uliooshwa vizuri kwa hewa ukaa unafika chini ya hapo bila kupikwa kwenye oveni.

Kuhusu uchafuzi, hewa ukaa hii haitengenezwi kwa ajili ya mtambo. Inakusanywa kutoka viwanda vingine ambako ingepotea hewani, au inatoka ardhini yenyewe, kama kule Rungwe, Mbeya, inakochimbwa na kuuzwa kwa watengeneza soda. Kwenye mtambo mkubwa inazungushwa na kutumika tena. Cha kuogopa zaidi ni umeme wa pampu na mitambo ya kupoza.

Dada, nimesoma kwamba dawa yenye punje ndogo inafanya kazi vizuri. Basi nikisaga vidonge vya mseto vya malaria laini kabisa kwa ajili ya mwanangu, vitamponya upesi? Mama wa Ujiji.

Kinu chako, mama, hakifiki huko. Unasaga kidonge, ambacho ni dawa pamoja na wanga na viungo vingine, kiwe vipande vidogo. Punje za dawa zilizomo ndani zimeshapangwa ukubwa wake kiwandani, na wewe hutazipunguza. Mseto unaruhusiwa kupondwa na kuchanganywa na maji kidogo kwa mtoto asiyeweza kumeza, na kuna vile vya watoto vinavyoyeyuka vyenyewe kwenye kijiko. Fanya hivyo kwa ajili ya kumeza tu.

Kinachosaidia hasa ni chakula. Moja ya dawa mbili zilizomo, lumefantrine, inakimbia maji na kupenda mafuta. Kwa watu wazima waliopimwa, waliokula mlo wa mafuta mengi damu yao ilichukua lumefantrine mara 16 kuliko waliokuwa na njaa. Kwa hiyo mpe baada ya maziwa, hata yale unayomnyonyesha, au baada ya ugali na mgebuka uliopikwa kwa mawese, hata kama amekula matonge machache. Na asipotaka kula dozi ya kwanza kwa sababu ya homa, mpe dawa hivyohivyo, usisubiri, kisha mrudishie chakula mapema uwezavyo.

Lakini kusaga usikufanye desturi. Vidonge vya presha vinavyoachia dawa polepole, kama nifedipine ya kumeza mara moja au mbili kwa siku, ukiviponda dawa ya kutwa nzima inaingia mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka. Vya diclofenac vyenye ganda vilifunikwa ili visifunguke tumboni. Kama huna hakika ni kidonge gani, njoo nacho na paketi yake, dukani tupo mpaka saa mbili usiku.